Kutibu fibrilesheni ya atria kwa mgonjwa mwenye unene uliokithiri: mwongozo kamili kwa wahudumu wa afya

Mgonjwa wa kilo 150 anayefika kliniki moyo ukimwenda mbio bila mpangilio mara nyingi huambiwa neno moja kabla ya mengine yote: apunguze uzito kwanza. Anaondoka na vidonge vya kupunguza kasi ya mapigo, hana mpango wowote wa namna ya kuupunguza huo uzito, na pengine hajapewa hata dawa ya kumkinga na kiharusi kwa sababu aliyemwona hakuwa na hakika na dozi. Mwongozo huu unapingana na utaratibu huo. Mgonjwa mwenye mwili mkubwa anastahili kila tiba anayoipata mgonjwa mwembamba. Kinachobadilika ni namna ya kupima, kupanga dozi na kutumia vifaa. Na uzito wenyewe ni sehemu ya tiba ya mdundo, unashughulikiwa sambamba na dawa tangu siku ya kwanza.

Hitilafu tunayoizungumzia ni fibrilesheni ya atria, yaani hali ambayo vyumba viwili vya juu vya moyo hupapatika badala ya kujikaza kwa pamoja, na vyumba vya chini hufuata kwa kubahatisha. Unene uliokithiri ni BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe) ya 40 na kuendelea, au ya 35 na kuendelea ikiwa tayari kuna ugonjwa ulioletwa na unene, kama kisukari au shinikizo la juu la damu. Mtu wa kilo 130 mwenye urefu wa mita 1.70 ana BMI ya 45.

Kwa nini unene huvuruga mdundo

Mafuta hayakai tumboni tu. Yapo pia yanayouzunguka moyo, na yakizidi hupenya katikati ya nyuzi za misuli ya atria, yakaleta uvimbe wa ndani kwa ndani na makovu. Umeme wa moyo uliokuwa ukipita njia iliyonyooka huanza kukwama na kuzunguka. Wakati huohuo mwili mkubwa una damu nyingi zaidi ya kusukuma, chumba cha chini cha kushoto hukakamaa, na presha hurudi nyuma kwenye atria ya kushoto, nayo hutanuka.

Usiku nao una madhara yake. Mgonjwa ambaye pumzi hukatika usingizini huvuta hewa kwa nguvu dhidi ya koo lililozibika, na kila mvuto wa namna hiyo hunyoosha kuta nyembamba za atria huku oksijeni ikishuka. Shinikizo la damu na kisukari huongeza mzigo juu ya mzigo. Ukiielewa picha hii utaona kwa nini mshtuko wa umeme pekee, au kidonge pekee, hurejesha mdundo kwa muda tu: chanzo bado kipo pale pale. Utaona pia kwa nini kuna matumaini, maana sehemu kubwa ya vyanzo hivi hupungua vikishughulikiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha hayuko hatarini sasa hivi

Kabla ya maswali marefu, tafuta dalili nne: shinikizo la damu lililoshuka sana, maumivu ya kifua yanayoendelea, kuzimia au fahamu kupotea, na mapafu yaliyojaa maji. Ikiwepo mojawapo na mapigo ya kasi ndiyo chanzo, mgonjwa anahitaji mshtuko wa umeme wa kurejesha mdundo bila kuchelewa. Uzito si sababu ya kusubiri.

Ukiona kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio, yenye mawimbi mapana na kasi ya kutisha inayofika 200 au zaidi, shuku njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini. Hapo usimpe verapamili, diltiazemu, digoksini, dawa za jamii ya beta wala amiodaroni ya mshipani, kwa sababu zinaweza kuupeleka moyo kwenye mdundo wa kuua.

Uliza pia nini kimeuchokoza moyo leo. Nimonia, damu kuvuja, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pombe nyingi ya siku chache zilizopita. Kwa mgonjwa mnene usisahau bonge la damu kwenye mapafu. Ni rahisi kulikosa, kwani kuhema kwake hudhaniwa ni unene tu.

Hatua ya 2: Pima kwa vifaa vinavyomtosha

Hapa ndipo makosa mengi huanza, na ni makosa yanayoepukika kabisa.

Anza na shinikizo la damu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mgonjwa huishia kuongezewa dawa asizozihitaji. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unapaswa kuzunguka angalau asilimia 80 ya mkono wa juu. Kama hakuna mkanda mkubwa wa kutosha, pima kwenye kigasha kwa mkanda unaotosha hapo, mkono ukiwa usawa wa moyo, na uandike kwenye faili kwamba ulipima kigasha ili atakayempima kesho alinganishe sawa na sawa.

Mapigo yahesabu kwa kusikiliza kifuani kwa dakika nzima. Katika fibrilesheni baadhi ya mapigo ni dhaifu mno kufika kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo vidole vyako vitahesabu pungufu.

Kwenye ECG, mafuta na tishu za kifua hufifisha mawimbi. Weka pedi mahali pake halisi kati ya mbavu, ukiinua titi pale inapobidi kwa ruhusa na staha, usizibandike juu ya titi kwa sababu tu ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Mawimbi ya P yakikosa kuonekana, usikimbilie kusema ni fibrilesheni; angalia kama nafasi kati ya pigo na pigo hazifuati utaratibu wowote. Kipimo cha eko, yaani altrasaundi ya moyo, kinaweza kutoa picha hafifu pia. Dawa ya kung'arisha picha, au eko ya kupitia umio, husaidia pale unapotaka kuona ukubwa wa atria, nguvu ya moyo na hali ya vali.

Damu ipimwe homoni za tezi ya shingo, potasiamu, magnesiamu, kreatinini, sukari, ini na wingi wa damu. Kisha muulize kuhusu usingizi: anakoroma kwa sauti? Kuna aliyemwona akikatika pumzi? Anasinzia mchana? Dodoso la STOP-Bang huchukua dakika mbili, na kwa mgonjwa wa aina hii mimi nalihesabu kuwa la lazima sawa na ECG. Ila anayekana kusinzia usimvue shaka haraka. Wengi wenye fibrilesheni hukatika pumzi usiku bila kuhisi usingizi mchana, kwa hiyo kipimo cha usingizi chenyewe ndicho kinachoamua.

Mizani isiyofika kilo 150 isitumike kukisia. Dozi kadhaa zinategemea uzito halisi, na meza za vipimo zina kikomo chake. Mpime mahali pa faragha, na usitangaze namba kwa sauti. Mgonjwa aliyeaibishwa kwenye mizani harudi, na asiyerudi hatibiki.

Hatua ya 3: Zuia kiharusi

Atria inayopapatika huiacha damu ituame, hasa kwenye kijifuko cha atria ya kushoto, na bonge likitoka huko hukimbilia ubongoni. Ugonjwa huu huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na hatari hiyo haipimwi kwa ukali wa dalili. Asiyehisi chochote anaweza kupooza vilevile.

Tumia alama za CHA2DS2-VA, ambazo mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umezipendekeza. Moyo kushindwa kazi alama 1, shinikizo la juu la damu 1, kisukari 1, ugonjwa wa mishipa 1, umri wa miaka 65 hadi 74 alama 1, umri wa 75 na kuendelea alama 2, kiharusi au bonge la damu lililowahi kutokea alama 2. Akifikisha 2, apewe dawa ya kuzuia damu kuganda. Akiwa na 1, izungumzieni kwa uzito. Unene wenyewe haumo kwenye orodha, lakini wagonjwa wengi wenye BMI ya 40 tayari wana shinikizo au kisukari. Aspirini haichukui nafasi ya dawa hizi.

Sasa swali linalowatia wengi hofu: dawa mpya za vidonge zinafaa kwa mtu wa kilo 140? Mwaka 2016 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kuganda kwa damu, ISTH, ilishauri zisitumike kwa wenye zaidi ya kilo 120 au BMI inayozidi 40, kwa kuwa takwimu zilikuwa chache. Takwimu zikaongezeka, na mwaka 2021 jumuiya hiyohiyo ikaruhusu apiksabani na rivaroksabani kwa uzito wowote katika kutibu mabonge ya damu kwenye mishipa ya vena. Kwa fibrilesheni nako, tafiti za ufuatiliaji zimezipa dawa hizi mbili matokeo mazuri zikilinganishwa na wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda. Ndizo ninazozipendelea. Dabigatrani ina ushahidi mdogo zaidi kwa uzito mkubwa.

Dozi ni ya kawaida: apiksabani miligramu 5 mara mbili kwa siku, rivaroksabani miligramu 20 mara moja kwa siku pamoja na chakula cha kutosha, figo zikiwa nzima. Usiongeze dozi eti kwa sababu mwili ni mkubwa, wala usiipunguze kwa hofu. Unapokadiria kazi ya figo kwa ajili ya dawa hizi, tumia uzito halisi wa mgonjwa, kwani tafiti zilizozipitisha zilifanya hivyo.

Mgonjwa mwenye vali ya chuma, au mwenye vali ya mitrali iliyosinyaa kwa kiwango cha kati au kikali, hutumia wafarini bila kuhesabu alama zozote. Mtu mnene huhitaji dozi kubwa zaidi na muda mrefu zaidi kufikia lengo, ambalo ni INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) ya 2 hadi 3 kwa vali iliyosinyaa, na kwa vali ya chuma hutegemea aina na mahali ilipo.

Hatua ya 4: Anza kazi ya uzito siku hiyohiyo

Nimeiweka hatua hii kabla ya dawa za mdundo kwa makusudi. Katika utafiti wa LEGACY wa Adelaide, Australia, uliochapishwa mwaka 2015, waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao na kuudumisha walikuwa na uwezekano mara sita zaidi wa kuishi bila fibrilesheni kuliko waliopunguza kidogo au kuongezeka. Uzito uliopanda na kushuka kwa zaidi ya asilimia 5 ulifuta sehemu ya faida hiyo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 umeweka lengo hilohilo la angalau asilimia 10.

Kwa mtu wa kilo 150, asilimia 10 ni kilo 15. Mwambie hivyo hasa. Lengo la kilo 15 linashikika; lengo la kuwa mwembamba linakatisha tamaa kabla halijaanza. Mpe miadi ya karibu, mtu mmoja wa kumfuatilia, na mpango wa chakula anaoweza kuishi nao mwaka mzima. Mazoezi yaanze pale alipo, hata dakika 5 za kutembea, yakipanda taratibu kuelekea dakika 210 kwa wiki.

Kwa unene uliokithiri, chakula na mazoezi peke yake mara nyingi havitoshi, na si haki kumlaumu mgonjwa kwa hilo. Semaglutaidi ilipunguza uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15 katika utafiti wa STEP 1 wa mwaka 2021, na tirzepataidi kwa dozi ya juu ilifika karibu asilimia 21 katika SURMOUNT-1 wa mwaka 2022. Dawa hizi huongeza mapigo kidogo kwa dakika, kwa hiyo usishtuke. Pia huchelewesha tumbo kumwaga chakula, jambo la kumwambia mtaalamu wa dawa za usingizi mapema kabla ya eko ya umio au upasuaji wowote, ili apange kufunga au vinywaji vyepesi siku iliyotangulia.

Upasuaji wa kupunguza uzito una nafasi yake. Utafiti mkubwa wa Uswidi, SOS, ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walipata fibrilesheni mpya kwa asilimia 29 pungufu kuliko wenzao wasiofanyiwa. Lakini ukumbuke dawa ya damu: tumbo na utumbo vikishabadilishwa, ufyonzaji wa vidonge hubadilika. Rivaroksabani hutegemea sana tumbo na chakula. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji sindano ya heparini au wafarini inayopimwa mara kwa mara ni salama zaidi, na mahitaji ya wafarini mara nyingi hushuka kipindi hicho.

Pumzi inayokatika usingizini itibiwe kwa mashine ya kusukuma hewa. Tafiti za ufuatiliaji zinahusisha mashine hiyo na fibrilesheni kurudi mara chache, ingawa majaribio ya nasibu bado hayajathibitisha hivyo. Kwa usingizi na shinikizo la damu faida yake iko wazi, na hiyo inatosha kuitumia. Shinikizo lishushwe chini ya 130/80. Pombe nayo iachwe: katika jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2020, kati ya walioendelea kunywa asilimia 73 walirudiwa na fibrilesheni, na kati ya waliopangiwa kuacha asilimia 53.

Hatua ya 5: Punguza kasi ya mapigo

Hapa mambo si magumu. Dawa ya jamii ya beta kama bisoprololi au metoprololi ndiyo ya kwanza. Diltiazemu au verapamili zafaa ikiwa nguvu ya moyo haijashuka, na zisichanganywe na dawa ya beta bila uangalizi wa karibu. Lenga mapigo chini ya 110 kwa dakika akiwa amepumzika, na ushushe zaidi dalili zikibaki.

Digoksini ihesabiwe kwa uzito unaostahili urefu wake, siyo uzito wa mizani, maana haisambai kwenye mafuta. Ukiihesabu kwa kilo 150 utamtia sumu.

Hatua ya 6: Rejesha mdundo

Usisubiri mwaka. Utafiti wa EAST-AFNET 4 wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kuurejesha mdundo mapema, ndani ya mwaka mmoja tangu ugonjwa kugunduliwa, kulipunguza matukio kama vifo vya moyo na kiharusi. Ila kabla ya mshtuko uliopangwa, awe ametumia dawa ya damu kwa wiki 3 mfululizo bila kuruka, au eko ya umio ithibitishe hakuna bonge. Baada ya mshtuko aendelee wiki 4 kwa uchache, hata mdundo ukiwa mzuri kabisa.

Mshtuko wenyewe kwa mgonjwa mnene una ufundi wake, na ni jambo linalonisikitisha kuona jaribio moja la nishati ndogo likishindwa kisha faili likaandikwa "haitikii". Kifua kinene huzuia umeme. Fanya hivi:

- Anza na nishati ya juu kabisa ya mashine, jouli 200 au 360 kulingana na aina yake. Kupanda ngazi kwa ngazi humpa mgonjwa mishtuko mingi bure.
- Sogeza titi lisikae chini ya pedi. Nyoa nywele, kausha ngozi.
- Bonyeza pedi kwa nguvu kwa mikono yenye glavu kavu au kifaa kisichopitisha umeme, na upige mshtuko mwisho wa kutoa pumzi, mapafu yakiwa na hewa kidogo. Palipo na vibao vya mshtuko vya kushikwa mkononi, vitumie. Katika jaribio la wagonjwa wanene vilifaulu zaidi ya pedi za kubandika.
- Mkao mmoja wa pedi ukishindwa, badilisha kutoka mbele na ubavuni kwenda mbele na mgongoni.

Mashine mbili kupiga pamoja ni njia nyingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2024 kwa wenye BMI ya 35 na zaidi liliipa ushindi dhidi ya mashine moja. Iachwe kwa vituo vyenye uzoefu nayo.

Usingizi wa dawa kwa ajili ya mshtuko ni wa dakika chache, lakini njia ya hewa ndiyo hatari kubwa kuliko umeme. Mlaze mgonjwa kichwa na mabega vikiwa vimeinuliwa, mpe oksijeni mapema, na awepo mtu anayeweza kushughulikia koo gumu.

Kwa dawa, flekainidi na propafenoni ni za moyo usio na ugonjwa wa misuli wala mishipa, na kuna ushahidi kwamba hazifanyi kazi vizuri kwa wanene. Sotaloli hudai ECG ya mara kwa mara na figo nzima. Amiodaroni hujificha kwenye mafuta. Kwa hiyo huchukua muda mrefu kuanza kufanya kazi, na madhara yake hubaki miezi mingi baada ya kuiacha. Pima tezi na ini kabla ya kuianza na kila miezi 6.

Hatua ya 7: Ablesheni

Katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kinenani hadi atria ya kushoto kuziba njia za umeme zinazoanzisha mtetemo. Kwa wanene marudio ni mengi zaidi, mionzi ni mingi zaidi, na kinena kinahitaji altrasaundi ili mshipa upatikane kwa usalama. Bado inafaa. Jaribio la PRAGUE-25 la Jamhuri ya Czech, kwa wenye BMI ya 30 hadi 40, liliikuta ablesheni ikiwaacha wengi zaidi bila fibrilesheni kwa mwaka mmoja kuliko dawa zikiambatana na kubadili mtindo wa maisha.

Maoni yangu ni haya: mwenye dalili nzito au moyo unaodhoofika apelekwe ablesheni sasa, na kazi ya uzito iendelee. Mwenye dalili nyepesi na BMI inayozidi 40 anafaidika akipewa miezi kadhaa ya kupunguza uzito kwanza, ila iwe na tarehe ya mwisho na msaada halisi. Piga simu kituoni kabla ya rufaa, uulize kikomo cha uzito cha meza yao. Ni ukatili kumsafirisha mgonjwa akaambiwe mlangoni kwamba meza haimbebi.

Hatua ya 8: Ufuatiliaji

Mwone baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi 3 hadi 6. Uzito unaposhuka, dozi nyingine nazo zibadilike. Insulini na dawa za presha zisipopunguzwa kwa wakati zitamwangusha chini. Anayetumia wafarini huku hamu ya kula imepungua apimwe INR mara nyingi zaidi, kwani chakula chake kimebadilika.

Lipo jambo moja ambalo wagonjwa huliuliza wakishapungua na mdundo ukatulia: sasa naweza kuacha dawa ya damu? Jibu linatokana na alama za hatua ya 3, halitokani na ECG ya leo. Fibrilesheni inaweza kurudi kimya usiku bila yeye kujua. Mwenye alama 2 na zaidi aendelee nayo, hata baada ya ablesheni iliyofaulu na kilo 30 zilizopungua.